Ijumaa Niliyomwambia Tolo Asubiri

Klabu ya roboti ilikuwa wazo langu. Nalisema mapema kwa sababu baadaye, kwenye mkutano wa wazazi, mkuu wa shule alidai limetoka wizarani, nami sikufungua mdomo kumkanusha.

Nilifundisha fizikia katika sekondari moja ya Mdantsane, kitongoji cha Afrika Kusini. Miaka sita nilichora saketi ubaoni, watoto wakazinakili kama wanavyonakili aya za Biblia, bila kuona hata taa moja ikiwaka. Nikaandika barua, nikajibiwa hapana, nikaandika tena. Mwezi wa tano kampuni moja ya mjini ikatuletea kompyuta ndogo kumi na mbili na makasha manne ya vipande vya roboti: magurudumu, mota, nyaya, na vijicho vya kutambua mwanga. Watoto kumi na wanane walijiandikisha. Wa kwanza kabisa alikuwa Siphosethu Mpambani wa darasa la kumi.

Baba yake ndiye aliyekuwa mlinzi wetu wa usiku. Jina lake Zolile, ila sote tulimwita Tolo, kwa jina la ukoo wake, kama heshima ya Kixhosa inavyotaka. Aliingia kazini saa tisa alasiri, muda ambao klabu nayo ilikuwa ikianza, na hakuweza kupita bila kuchungulia. Siku kigari chetu cha kwanza kilipofuata mstari wa tepu nyeusi sakafuni na kukata kona bila kuguswa na mtu, alipiga makofi.

"Hiki kina adabu," alisema. "Nina watoto watatu nyumbani, hakuna hata mmoja anayefuata mstari namna hii."

"Baba, umeacha geti wazi," Siphosethu akamwambia bila kugeuka. Alikuwa akiona haya.

"Litume hilo roboti lako likafunge, msomi."

Darasa zima lilicheka, na yeye Siphosethu akashindwa kujizuia.

Mkuu wa shule, Bwana Ntshinga, akataka uzinduzi. Diwani alikuja, watu wa kampuni wakaja, kompyuta zikapangwa mezani kama keki za harusi, picha zikapigwa. Jioni ileile picha zikawekwa kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, pamoja na maelezo kwamba mambo yote hayo yanapatikana chumba namba saba.

Tolo alinionyesha kwenye simu yake. "Mwalimu, hapa mmewapigia watu filimbi."

"Madirisha yana vyuma, Tolo. Na kengele ipo."

"Umeme ukikatika kengele inalala. Nabaki mimi, tochi na fimbo."

Alimwendea mkuu, akaomba kompyuta zipelekwe kituo cha polisi kila mwisho wa wiki. Mkuu alimwuliza kama ameanza kuogopa kazi yake, maana wanaoitaka ni wengi. Tolo akarudi getini.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita alinikuta nawasha gari. Nilikuwa nawahi mji wa Qonce, kwenye harusi ya binamu yangu.

"Mwalimu, jana walikuja vijana wawili nisiowajua. Wakauliza darasa la kompyuta ni lipi. Zichukue wewe leo, ukae nazo."

"Buti limejaa sufuria za shangazi yangu, Tolo."

"Tutazipanga viti vya nyuma. Mimi nazibeba, wewe hushuki hata garini."

Nilitazama saa. Kweli nilikuwa nimechelewa, lakini kweli pia ni kwamba sikutaka kupita mitaa yote ile na kompyuta kumi na mbili nyuma yangu. Nilielewa hatari vizuri kabisa.

"Jumatatu, Tolo," nilimwambia. "Siku mbili tatu tu."

"Haya, Mwalimu. Safari njema."

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nakata nyama na shangazi zangu simu ilipolia. Mlango wa chumba namba saba umeng'olewa. Tolo ameuawa kibandani mwake, mikono imefungwa kwa mkanda wake mwenyewe. Alipochelewa kurudi nyumbani mkewe alimtuma Siphosethu akamwangalie, na mtoto ndiye aliyemkuta.

Hakuna aliyekamatwa. Kompyuta moja ilionekana dukani mjini. Mwenye duka akasema kauziwa na mtu asiyemjua, habari ikaishia hapo.

Wiki moja baada ya maziko nilikwenda kwa mjane, Mama Nosango. Nilimkuta amekaa, nguo nyeusi, mikono mapajani. Nikamweleza yote: vijana wawili, sufuria, viti vya nyuma. Aliniacha nimalize.

"Nani mwingine anajua?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

"Kwa hiyo mzigo umekuelemea, ukaona uje unitwike mimi."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia. Mimi ninao wangu wa kubeba, mwanangu. Huo ni wako, nenda nao."

Siphosethu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika mkononi. Sijui alianza kusikia wapi. Alimmiminia mama yake chai, akanimiminia na mimi kwa sababu alilelewa vizuri, akarudi jikoni. Nilikunywa ile chai yote. Sikujua namna ya kuiacha.

Mwezi wa nane kampuni ilileta kompyuta nyingine. Bwana Ntshinga akataka uzinduzi tena, na picha tena. Nilikataa kusimama kwenye picha ile, naye akaikabidhi klabu kwa Mwalimu Bomela wa hesabu. Siphosethu aliendelea nayo. Wakaenda mashindano ya mkoa mjini Gqeberha, wakarudi nafasi ya pili. Siku ya kupokea vyeti alimshukuru mama yake, akamshukuru Bomela, akamtaja baba yake kwa jina la ukoo.

Darasani kwangu alikaa mwaka mzima, akijibu akiulizwa tu. "Ndiyo, Mwalimu." "Hapana, Mwalimu." Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote.

Niliomba uhamisho. Siku ya mwisho alikuja ofisini kurudisha kitabu nilichomwazima.

"Asante kwa kitabu, Mwalimu."

"Siphosethu, ipo siku utanisamehe?"

Alifikiri kwanza, kama anavyofikiria swali la mtihani. "Sijui. Naomba usiniulize tena."

Sikumwuliza tena. Sasa nafundisha mji mwingine, Komani. Walimu wenzangu wa hapa wameniomba mara mbili tuanzishe klabu ya roboti, watoto wanaitaka sana. Nimewajibu kwamba mambo hayo mimi siyajui.