Tarehe Tisa

"Siku zako uliona lini mara ya mwisho?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

"Tarehe tisa mwezi uliopita," fundi wa pasi akajibu bila kupepesa macho.

Wifi yake, aliyekaa pembeni na mikoba yote miwili mapajani, alitikisa kichwa kuafiki. Yeye ni shahidi. Nyumba ni moja, bafu ni moja, na kila tarehe tisa pakiti ya pedi huonekana juu ya rafu.

Pakiti hizo zilikuwa maigizo matupu. Kizazi cha fundi kilitolewa miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na miaka thelathini na minne, kwa ajili ya uvimbe na damu isiyokatika. Mume alijua. Wengine waliambiwa ni kidole tumbo. Wiki mbili tu tangu ashonwe, alimsikia wifi akisema juu ya mke wa jirani kwamba mwanamke asiye na kizazi ni chungu kilichotoboka, na kaka yake yeye asingekaa na chungu cha aina hiyo. Basi fundi akaanza kununua pedi, kuzipunguza moja moja na kulalamika kiuno. Ilikuwa kazi ya ziada, naye aliifanya kwa unadhifu uleule wa kola za mashati.

Sasa pumzi ilikuwa inamkimbia. Wiki ya tatu hiyo hamalizi kunyoosha shuka moja bila kuegemea meza. Mkono wa kushoto unakuwa mzito, maumivu yanapanda hadi kwenye taya. Jana alisita kidogo tu na pasi juu ya shati jeupe la mteja, mgongo wote ukaungua. Fundi mwenye miaka ishirini kazini, kuunguza shati! Wifi, anayefua katika duka lilelile la udobi, ndiye aliyemburuta hospitali.

"Umweleze yote," alimhimiza njiani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Daktari alipitia alichoandika. "Miaka arobaini na mitano, siku zako bado zinakuja vizuri, presha imepanda kidogo tu. Nadhani ni ule mvuke wa pasi na uchovu. Nitakuandikia dawa, upumzike siku mbili."

"Si nilisema?" wifi akadakia. "Mvuke!"

Kalamu ilianza kutembea. Fundi aliitazama. Aliogopa kufa, na aliogopa kurudi katika nyumba ile siri yake ikiwa imejulikana. Kufa aliogopa zaidi, ingawa si kwa mbali.

"Daktari, siku sioni," alisema. "Nilitolewa kizazi. Miaka kumi na moja sasa."

Kalamu ikasimama. "Kizazi peke yake, au na ovari?"

"Vyote."

"Ukapewa homoni?"

"Sikurudi tena."

Daktari aliichana karatasi na kuchukua nyingine. "Ovari zikitolewa mapema hivyo, moyo na mishipa huweza kuwa hatarini zaidi miaka ya baadaye. Si kila mtu hupatwa. Lakini kwa huo mkono na hilo taya, siwezi kukuacha uende. Panda kitandani tupime moyo."

"Na zile pedi?" wifi aliuliza.

"Zilikuwa zako, wifi. Nilikuwa nakununulia wewe, uzione."

"Loo! Miaka kumi na moja unanichezea shere? Na kaka anajua?"

"Anajua."

Wifi aliweka mikoba sakafuni, akasimama, akaugeukia ukuta.

Fundi alilala, nyaya zikabandikwa kifuani. Mashine ilitoa karatasi ndefu yenye mistari, na daktari aliisoma mara mbili.

"Leo unalala hapa," alisema. Akavuta fomu. "Ndugu wa karibu wa kumpigia, saa yoyote? Mumeo?"

"Ni dereva wa lori. Yuko safarini, simu haishiki."

"Mwingine?"

Fundi aliutazama mgongo wa wifi.

Pale ukutani wifi alianza kutaja namba yake ya simu, tarakimu moja moja, mgongo ukiwa bado umewaelekea. Daktari alipokosea mbili za mwisho, aligeuka, akasogea hadi kitandani, akazirudia polepole, akasubiri mpaka zikaandikwa.