Sahihi Tatu za Mwanaanga

Mjomba wangu hana mke, hana mtoto, hana hata paka wa kumfokea. Ana wanaanga. Wamejaa ukutani sebuleni na yale mavazi yao manene, wanacheka, na kila mmoja ametia sahihi kifuani. Mimi humwita Waziri wa Mambo ya Mbinguni, naye hunijibu, "Na wewe ni balozi wa njaa. Hodi zako zote huangukia saa ya chakula."

Safari hii miguu ilimgomea, akanituma mimi kwa mthamini wa sahihi za watu mashuhuri. Picha tatu, zote za mwanaanga mmoja, alizopata kwa kumwandikia barua miaka tofauti. "Sitaki bei," alinionya. "Nataka aandike tu kwamba huo ni mkono wake mwenyewe."

Mthamini, mama mmoja mwenye miwani mizito, hakuzitazama hata sura. Alizitoa picha kwenye fremu, akazipandanisha juu ya kioo chenye taa kali chini yake, sahihi juu ya sahihi. Zile tatu zikawa moja. Kila mkia, kila kitanzi, kila nukta.

"Safi, mama," nikasema. "Jamaa ana mkono usiotetemeka."

"Mwanangu, hakuna mkono wa hivyo. Hata wewe ukisaini mara mbili hapa, hazitalingana. Hii ni mashine iliyoshikishwa kalamu."

Njiani nilitunga uongo wa kila rangi. Nikamkuta mjomba mlangoni, amevaa shati lake la kutokea kama anayesubiri mgeni. Uongo nikauacha pale pale. Nikampa ukweli kama ulivyo.

Hakulia. Aliketi akizikodolea macho zile nafasi tatu ukutani, zilikotoka picha, zenye rangi mpya kuliko ukuta wote.

"Sahihi si neno," alisema. "Mtu ana shughuli zake, acha mashine imsaidie. Lakini barua zangu, mpwa wangu? Nilimwandikia mambo ambayo hata mama yako hayajui. Nani alizisoma?"

Nikavuta kiti karibu naye.

"Ulimwandikia nini, mjomba?"

Alinitazama kwanza, akipima kama nimekuja na mzaha. Kisha akaanza na barua ya kwanza, ya mwaka ule alipohamia nyumba hii peke yake.