Thelathini Kwenye Beseni la Chumvi

Mimi ndiye mpishi wa kantini ya shamba la samaki, kwa hiyo hakuna jambo linalonipita. Aliyegombana na mkewe namjua kwa anavyokoroga chai. Basi asubuhi ile Meneja aliposukuma sahani bila kugusa mayai, nikajua leo kuna kazi.

"Huyo mtoto wako," akaniambia, "ataniua kwa presha."

Mtoto wangu ni binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi, ananiita Mama mdogo. Wenzake wanamwita Binti Tone, kwa sababu kutwa yuko maabara anawatoa samaki tone la damu na kulipima. Meli ya kusafirishia samaki ilishafunga gatini, ikisubiri samoni laki moja waliokulia kwenye matangi ya maji ya mto, iwapeleke kwenye vizimba vya baharini. Na Binti Tone amekataa kutia saini karatasi ya kuwaruhusu watoke.

Mwenyewe akaingia kuchukua chai. Meneja hakungoja.

"Si uwatazame? Wanang'aa kama vijiko vipya! Samoni aking'aa, kaiva kwa bahari. Nimeanza kazi hii wewe hujaota meno."

"Mng'ao ni nguo tu, mzee. Unaletwa na homoni ya tezi ya kooni, na hiyo imeshafanya yake. Matamvua wanayopumulia yanangoja homoni nyingine, ile ya ukuaji na ile iitwayo kotisoli. Hizo bado ziko chini."

"Hebu ongea lugha ya jikoni," nikamwambia, "na sisi tule."

Akacheka. "Mama mdogo, mtoni chumvi ni adimu, samaki anaing'ang'ania. Baharini inamzidi, lazima aitoe. Kwenye matamvua kuna vipampu vidogo vidogo vya kuisukuma nje, na homoni ndizo zinazoamuru vijengwe. Visipokuwepo, chumvi inamkausha. Anakufa kwa kiu na maji yamemzunguka."

"Makubwa!" akasema fundi wa pampu kutoka meza ya nyuma.

"Na kwa nini wamechelewa?" Meneja akauliza. Afadhali asingeuliza.

"Samaki hawa wanasoma majira kwa urefu wa mchana. Walitakiwa wiki sita za siku fupi kwanza, ndipo taa ziwashwe. Wewe uliwasha taa zote wiki ya nne, ili tuwahi meli."

Hata sufuria nikaona aibu kuifunika. Kumwambia bosi kosa lake mbele ya watu wanaotafuna!

"Sawa," Meneja akasema polepole. "Tia thelathini kwenye beseni la maji ya bahari. Kesho saa hizi wakiwa wazima, funguo za maabara uniachie mezani."

"Nitakuachia."

Alipopita jikoni nikamshika mkono.

"Na ukikosea, mwanangu?"

"Damu yao nimeipima mara tatu, Mama mdogo."

Nilikata vitunguu siku nzima, na machozi hayakuwa ya vitunguu peke yake.

Kesho yake zamu nzima ilijazana kwenye beseni, mimi mbele na mwiko wangu. Samaki kumi na wanane walikuwa wameelea ubavu juu. Waliobaki wamelala chini, wanahema kwa shida. Na wote, wafu kwa wazima, waling'aa vilevile.

Meneja akavua kofia. "Unataka siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Na taa zibaki zikiwaka, mtu asiziguse."

"Nahodha atanitukana matusi ya nguoni."

"Mwache atukane," nikasema. "Nitampikia, mdomo utashughulika."

Nilimpikia kweli, siku zote kumi na mbili. Kisha wakatiwa thelathini wengine, na asubuhi tukawakuta wote thelathini wanafukuzana kama watoto waliotoka shule. Binti Tone akapima damu: chumvi iko pale pale inapotakiwa. Meneja akachomoa kalamu yake mfukoni, akampa kwa mikono miwili.

"Tia saini, mtaalamu."

Mtaalamu! Niliwaangalia wote mmoja mmoja, kuhakikisha wamesikia.

Bomba likaanza kuwasukuma samaki melini. Nikasimama gatini karibu na nahodha.

"Unamwona yule aliyeshika karatasi? Mwanangu yule."

"Umeshaniambia mara nne, mama."

"Basi hii ya tano. Kunywa chai."