Wanaokuja Kuchukua Oil Chafu

Binti yangu Lilian anakaa Mwanza, na kutoka huko huko Mwanza anaendesha maisha yangu kwa simu. Anajua nimekula nini, anajua kama nimelala vizuri, na siku ile jeki ilipoteleza alijua hata vumbi halijatulia, kwa sababu mimi mwenyewe na mdomo wangu usio na breki nilimpigia nikamwambia. Nilidhani atacheka. Nilimweleza kwamba gari limeshuka puu, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chini yake kwenda kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Lilian hakucheka. Alilia kwanza, halafu akasema, "Baba, niahidi. Oil hutaimwaga tena mwenyewe. Nenda kwa wale wa mjini."

Nikaahidi. Mtoto aliyemzika mama yake mwaka jana akikulilia namna ile, utamjibu nini kingine?

Tatizo ni kwamba Lilian alidhani tunazungumzia gari.

Mimi ni Msukuma. Nilikuja huku Tarime kijana, nikifuata dhahabu Nyakunguru kama wengine wote, na dhahabu nilipata ya kunywea uji tu. Lakini aliyekuwa anauza huo uji pale mashimoni alikuwa Wegesa, binti wa Kikurya, mkali kama pilipili ya mwaka. Alinioa yeye, msidhani nilimwoa mimi. Tukatoka machimboni, tukajenga Turwa, nikanunua Carina ya mkono wa pili nikabeba abiria mpaka mgongo uliponikatalia. Watu wa hapa mpaka leo wananiita Msukuma, hata waliozaliwa nimeshajenga. Sikasiriki. Zamani nilikuwa Msukuma wa Wegesa. Sasa ni Msukuma tu.

Carina hiyo nilikuwa naimwaga oil mwenyewe, pale karibu na geti, ambapo njia ya kwenda kisimani inapita. Ukiinua gari pale, mtaa mzima unaona. Na oil chafu ina wenyewe hapa kwetu. Mchwa wa Turwa wanakula nguzo ya banda unaiangalia hivi hivi, na hakuna dawa wanayoiheshimu kama oil iliyokwisha kazi, ile nyeusi tii yenye harufu ya kuungua. Paka mti wako kabla hujauchimbia, utakaa. Kwa hiyo nikishafungua nati, sijamaliza hata kufuta spana, watu wameanza kuingia. Huyu ana dumu, yule ana chupa, mwingine kabeba sufuria iliyotoboka akaziba kwa sabuni.

Wegesa alikuwa na sheria yake. Hakuna mtu kuondoka na oil kabla haijaisha kudondoka, na kudondoka kunachukua muda kama unataka itoke yote. Wakati huo watu wanakaa, chai ya maziwa inapita, habari zinapita. Ng'ombe wa nani wameibwa, nani anaoa, nani amerudi kutoka Sirari na viatu vya ajabu. Mimi niko chini ya gari, naona miguu yao tu na kusikia kicheko. Sijui kama kuna wakati nilikuwa na raha kuliko pale, mgongo kwenye gunia, oil inanidondokea kwenye kiwiko.

Wegesa alipofariki, matanga yalijaa. Halafu yakaisha, kila mtu akashika shughuli zake. Sikuwalaumu, nami nina shughuli zangu: kuamka, kufagia, kukaa. Lakini niligundua kwamba nyumba ambayo haikuwahi kukosa mtu barazani sasa inaweza kupitisha wiki bila mtu kugusa geti. Wanasalimia kwa mbali. "Msukuma, upo?" Nipo. Wanapita.

Ila siku ya kumwaga oil walikuja. Mzee Heche, jirani wa upande wa chini mwenye zizi, alikuja. Waisiko alikuja, rafiki wa marehemu tangu usichana wao, mama anayefuga kuku na ambaye mabanda yake hayaishi kuliwa. Chai nilipika mimi, ikawa maji maji, wakainywa. Hiyo ndiyo siku jeki ilipoteleza baada ya wao kuondoka, na nikampigia Lilian.

Basi muda ulipofika nikaenda mjini. Lilian alikuwa ameshaniulizia hata jina la sehemu yenyewe, banda jipya la bati la bluu kwenye barabara ya Sirari, wameandika huduma ya haraka kwa herufi kubwa kama watu wa kampeni. Nilipoingia, fundi mmoja anaitwa Godwin, kijana mwenye adabu zake, alinifungulia mlango.

"Shikamoo mzee. Kaa hapo kwa benchi, ni dakika chache tu."

Nikakaa. Walikuwa na televisheni inayoonyesha mpira wa Ulaya, sauti imezimwa. Pembeni yangu watu wengine wanasubiri magari yao, kila mmoja kainamia simu. Nikamwambia aliye karibu, "Mvua mwaka huu imechelewa." Akasema, "Eeh," bila kuinua kichwa. Nikatafuta neno lingine la kumwambia, na kabla sijalipata, Godwin akaniita. Gari tayari. Oil mpya, filta mpya, hata kioo wamenifutia. Amebandika na karatasi ya kunikumbusha nirudi lini. Kazi nzuri, sina la kusema, na kwa kweli sijawahi kuchukia kazi nzuri namna ile.

"Oil yangu iko wapi?" nikamuuliza.

"Si ndiyo hiyo imo, mzee."

"Ile ya zamani."

Akanionyesha pipa kubwa nyuma ya banda. Imemwagwa humo pamoja na ya wengine. "Hiyo inabaki hapa, mzee. Wapo watu wanakuja kuichota. Kwani ulikuwa na nguzo?"

Sikuwa na nguzo. Nyumba yangu ya tofali, ukuta wa tofali, hata banda sina. Nikasema hapana, nikapanda gari nikarudi Turwa. Jioni Lilian akapiga, nikamwambia gari limehudumiwa, akafurahi mpaka nikasikia anamwambia mumewe. Nami nikafurahi kwa ajili yake.

Zikapita wiki. Mahindi yakaota, yakafika magotini. Siku moja Heche alipita njiani na dumu jeusi mkononi, nikajua ametoka wapi kabla hajasema.

"Mura, nimesikia siku hizi unamwagia mjini!" akaniita kutoka nje ya geti, kama Wakurya wanavyoitana wanaume kwa wanaume. "Umefanya vizuri. Na mimi nachota kule kule, wanatoa mpaka unakataa."

"Karibu chai," nikasema.

"Siku nyingine, Msukuma. Ng'ombe wananisubiri."

Akaenda zake. Nilibaki nimeshika geti, na nilijisikia mpweke kiasi kwamba ningeweza kumkimbilia mzee wa watu nikamwomba anitukane, mradi asimame. Mkurya haachi kutukana akianza, ningepata hata nusu saa.

Kesho yake asubuhi nikaingiza Carina pale karibu na geti. Ahadi ya mtoto niliikumbuka, msidhani sikuikumbuka. Safari hii sikutumia jeki, nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya tofali nilizozipanga vizuri, nikaweka mawe nyuma. Nikalala kwenye gunia langu, nikafungua nati.

Oil ikatoka rangi ya asali.

Mtu anayejua gari angelia. Gari lilikuwa limetoka kuhudumiwa, halijaenda popote isipokuwa kanisani na kurudi, na mimi nalitapisha oil nzima kwenye karai. Nikaiangalia inavyoshuka, inang'aa, na moyoni najiambia kwamba sasa nimekuwa chizi rasmi. Lakini masikio yalikuwa njiani.

Miguu ikaja. Kandambili za bluu, ukingo wa kitenge. Waisiko.

"Hodi. Shemeji, unamwaga?"

"Namwaga, shemeji. Karibu, karibu sana!" Nilisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nikatoka chini ya gari nikiburuta mgongo.

Alikuwa na kopo la rangi lenye mkono wa waya. Akachuchumaa penye karai, akainamisha kopo, akachota. Halafu akasimamisha mkono. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akakinusa.

"Shemeji," akasema, "hii oil ni mpya."

"Ni za siku hizi hizo. Hazichafuki."

Waisiko akaniangalia. Huyu ni mama aliyepaka nguzo kwa oil ya Carina hii miaka na miaka. Nilimwona anataka kucheka, na nikaomba Mungu acheke, ili na mimi nicheke, tuseme ni utani yaishe. Hakucheka.

"Umeimwaga kwa nini?"

Nikatafuta uongo mwingine sikuupata. Nilikuwa na kitambaa mkononi, nikawa nafuta vidole ambavyo havikuwa na kitu.

"Nilitaka mtu aje," nikasema.

Njiani walipita wanawake wawili wanatoka kisimani, wakaona gari juu ya tofali, wakaona Waisiko na kopo lake, wakasalimia wakaendelea. Waisiko akangoja mpaka wakapotea kwenye migomba.

"Umeona hao?" akasema kwa sauti ya chini. "Wameniona hapa, hawana neno. Kwa sababu nina kopo. Wewe unafikiri mimi sitaki kuja? Kila nikipita naona umekaa hapo barazani kama mzigo uliosahauliwa na basi. Moyo unaniuma. Wegesa alikuwa dada yangu. Lakini mimi ni mjane, na wewe mgane. Niingie kwenye geti hili mikono mitupu, kabla sijafika kwangu, Turwa nzima wameshatuozesha na ng'ombe wamehesabiwa. Na ndugu za marehemu mume wangu unawajua."

Nilikuwa nawajua.

"Hata Heche," akaendelea. "Unafikiri Heche alikuja kwa shida ya oil? Ana zizi la waya mwaka wa pili huu, nguzo zake chache angezipatia oil popote. Mwanaume atakuja kwako kusema nini? Nimekuja kukuonea huruma? Hilo neno mwanaume wa Kikurya atalitoa mdomoni?"

Hapo ndipo nilipotaka kukaa chini, na nikakaa, juu ya tairi la akiba. Nilikuwa nimedhani wanakuja kwa ajili ya oil na mimi ndiye ninayefaidika nao. Kumbe wote tulikuwa tunaishika oil hiyo hiyo kama watu walioshika kamba, nami ndiye niliyeipeleka mjini nikaiacha kwenye pipa.

"Na sasa gari utalitia nini?" akaniuliza.

"Sina oil nyingine."

"Basi!" Akalimimina kopo lake lote kwenye karai, polepole, mpaka tone la mwisho. "Ichuje kwa kitambaa safi, uirudishe. Mchwa gani ataogopa asali hii? Na ukilala tena chini ya gari nitampigia Lilian, alinieleza ile ahadi yako, uapishwe upya."

"Subiri basi nipike chai."

Akaangalia njia, akaangalia jua. Nikaona anataka, na nikaona hawezi. Kopo lilikuwa tupu, oil imerudi karaini, wale wanawake wangerudi kisimani wakati wowote, na hakuwa tena na kazi yoyote kwenye uwanja wangu. Akasimama akajikung'uta kitenge.

"Siku nyingine, shemeji."

Alifika getini, akageuka. Kopo lilikuwa limebaki chini, pembeni ya gurudumu. Nikaliokota haraka nikamfuata nalo.

"Shemeji, kopo lako."

"Liache. Nitalifuata."

"Jepesi tu hili, chukua."

Akaniangalia kama unavyomwangalia ndama asiyejua mlango wa zizi.

"Nimesema nitalifuata, Msukuma."

Akaenda. Nikasimama na kopo mkononi mpaka kitenge chake kilipopotea kwenye migomba, na ndipo akili yangu ya polepole ilipofika. Sikuliosha. Sikuliweka barazani, mtu angeweza kulichukua akiwa amesimama tu. Nilipita nalo sebuleni, nikaingia chumba cha nyuma, nikasogeza magunia ya mahindi moja baada ya jingine, nikalisukuma mpaka ukutani na kurudisha magunia, ili siku atakayokuja akae kwanza kwenye kiti wakati mimi nalitafuta.