Anwani ya Mama Adyero

Saa nne kasorobo, siku ya Jumanne, kompyuta ya mapokezi katika hospitali moja ndogo ya Kawempe ilizimika kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Wagonjwa arobaini walikuwa kwenye foleni. Muuguzi Phelister, Mkenya mwenye subira ya ajabu, alimpigia simu Zuleika.

Zuleika, binti wa Kinubi, alikuwa fundi wa kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayozitawala programu nyingine zote. Mafundi wa aina yake hawakujaza vidole vya mkono mmoja Kampala nzima. Alipofika alivua viatu, akasema bismillahi, akaingiza mkono wa kulia ndani ya skrini mpaka kwenye kiwiko.

"Unatafuta nini humo?" Phelister aliuliza.

"Kurasa. Kila faili la mgonjwa lina ukurasa wake, na kila ukurasa una anwani. Programu ikitaja anwani, kiini kinakwenda kusoma. Chenu kinakwenda bila kuuliza kama kuna kitu. Kikikuta patupu, kinaanguka, na mashine nzima inaanguka nacho."

Alipapasa anwani moja moja. Penye ukurasa palikuwa na uvuguvugu. Pasipo na ukurasa, upepo wa baridi ulitoka na kupeperusha karatasi za mezani. Kwenye anwani ya kumi na moja mtu alimshika mkono.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Adyero," ilijibu sauti ya bibi. "Sisi iko watu kumi na saba. Tunangojea musawo, daktari, aite."

Phelister alimfahamu. Bibi huyo alikuwa mgonjwa wa sukari. Mwezi wa tatu uongozi uliamuru mafaili ya wasio na kitambulisho yafutwe. Kurasa zilifutwa, lakini anwani zikabaki zimesahauliwa kwenye orodha. Watu wote walidhani wagonjwa wale walirudi makwao.

"Mama, mmekula?" Zuleika aliuliza.

"Chai tu, ya jana."

Phelister alipitisha mkate kwenye skrini, na Zuleika akarudi kazini. Aliandika kwa mkono wa kushoto mpaka alasiri. Sasa kiini, kabla ya kwenda popote, kingesimama na kuuliza jedwali la kurasa zilizopo: anwani hii ina ukurasa? Ikiwa inao, kisome. Ikiwa haina, kirudi na jibu la kosa, kiendelee na anayefuata. Mistari ishirini na mitatu, hakuna hata mmoja wa ziada. Phelister, ambaye hakuelewa herufi moja, alimtazama kama anavyotazamwa mkunga hodari.

Kabla ya kutoa mkono, Zuleika aliinamia skrini. "Mama, kuanzia leo mkitajwa, mashine itajibu 'anwani batili'."

"Batili ni nini?"

"Si halali."

"Umefanya kazi safi, mwanangu. Lakini mimi niko hapa."

"Najua, mama. Nimekushika."

Alikwenda ofisini kwa mkurugenzi, Bwana Ojok. "Nipe ruhusa niwarudishie kurasa zao. Ni kazi ya nusu saa."

"Mashine bado inazimika?"

"Haizimiki."

"Basi imepona. Hongera sana, dada. Hao wengine wakileta vitambulisho, tutaona."

Alimsifu kwa moyo mweupe, na sifa ile ilikuwa haki yake. Tangu siku hiyo mashine haijazimika. Foleni inakwisha kabla ya adhuhuri, na kila asubuhi skrini huandika "anwani batili" mara kadhaa bila kumsumbua mtu.

Kila Alhamisi Zuleika hupita pale bila kuitwa. Phelister humpa kipimo cha sukari na dawa alizoweza kupata, naye huingiza mkono na kuwapima wote kwa zamu. Wagonjwa wa foleni humpisha. Alhamisi iliyopita alikuta humo ndani wageni wawili, bado wameshika namba zao za foleni, na Mama Adyero alikuwa ameshawasogezea nafasi kwenye benchi.