Mchicha wa Mama Mkwe

Mashine ya maabara haina adabu. Haijui mkubwa wala mdogo, na haijali kwamba mchicha uliomo tumboni mwake umechumwa na mama mkwe wa mtu. Inasema inachokiona, basi. Asubuhi hiyo iliona iodini ya mionzi, mstari mmoja mrefu umesimama katikati ya skrini mahali ambapo siku zote huwa tambarare.

"Mama yangu weee!" alisema mpimaji aliyekaa mbele yake.

Mtaa mzima ulimwita Bi Kipimo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima kila kilichopakana na kituo cha utafiti wa nyuklia: maji ya mtaro, nyasi, udongo, hadi maziwa ya ng'ombe. Kituo kilikuwa na kinu kidogo cha nyuklia ambacho watafiti walikitumia kwa majaribio yao, na leseni yake ilikuwa inakaribia kwisha. Bila tathmini ya athari kwa mazingira, hakuna leseni mpya. Ndiyo maana kila jani la eneo lile lilikuwa linapita mikononi mwake.

Alipima mchicha mara ya pili. Iodini ileile, haina hata haya. Akachukua karatasi akaenda kwa mkuu wa tathmini, mzee mmoja ambaye watu walimbandika jina la Bwana Muhuri, maana raha yake duniani ilikuwa kugonga muhuri na kufunga jalada.

"Rahisi kabisa," alisema Bwana Muhuri hata kabla hajamaliza kusoma. "Bustani zote za chini ya uzio wa kituo zing'olewe. Hakuna mboga, hakuna mlaji, hakuna kesi. Kesho kutwa kwenye mkutano wa wananchi nasimama nasema: tatizo tumeliona, tatizo tumelimaliza."

"Bustani zote, mzee? Akina mama wote wale?"

"Watalima kwingine."

"Kwingine wapi? Na tena hesabu haikai. Nyasi zilizo katikati ya kinu na bustani ni safi. Chujio la bomba la moshi la kinu ni safi. Maji ya mtaro ni safi. Moshi gani huu unaoruka uwanja mzima ukaenda kutua kwenye bustani ya mtu mmoja?"

Bwana Muhuri alivua miwani. "Huo mchicha uliuchuma wewe mwenyewe?"

Hapo Bi Kipimo aliinamia karatasi yake. Kanuni ya kwanza ya kazi yao inajulikana hata na wafagizi: sampuli huchumwa na mpimaji, tena hapa na pale bila kuchagua, si na mwenye shamba.

"Nilipewa," alisema.

"Ulipewa! Na nani?"

"Na mama mkwe."

Bwana Muhuri, ambaye naye alikuwa na wakwe zake, alirudisha miwani usoni. "Hapo sikulaumu sana," alisema. "Nani wa kumwambia mkwewe weka chini, nachuma mwenyewe? Lakini mashine haina wakwe, bibi. Kesho nenda kachume upya. Ukileta jibu hilihili bila maelezo, naleta trekta."

Bi Kipimo alitoka pale akiwaza. Bustani ile si bustani tu. Mama mkwe alifiwa na mumewe mapema, akawalea wanawe wote kwa mchicha na bamia za pale, na mmoja wao ndiye fundi wa friji aliyemwoa Bi Kipimo. Kumng'olea bustani yule mama ni kumng'olea miguu. Na ubaya zaidi, watu wangesema amelipiza kisasi, kwa sababu wakwe hawa wawili, waliokuwa wakipendana hadi watu wakawaonea wivu, sasa walikuwa hawaelewani.

Chanzo kilikuwa mtoto. Bi Kipimo alijifungua binti, mjukuu wa kwanza, na mwanzoni bibi alikuwa hamshushi mgongoni. Halafu ghafla, wiki ya pili sasa, akawa hataki hata kumgusa. Akiletewa, husema, "Mweke huko huko, mimi namwona." Akakoma kuja nyumbani kwao. Mume wa Bi Kipimo alisema mama kachoka tu.

"Kachoka!" Bi Kipimo alimjibu. "Mtu anabeba ndoo mbili za maji, anashindwa kubeba mtoto? Aseme tu amemchoka mtoto wangu."

Kesho yake yaya hakufika. Bi Kipimo akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mifuko ya sampuli na kile kidude cha mkononi cha kupimia mionzi, akashuka hadi bustanini.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwana... Simama hapo hapo!" Mama mkwe aliinuka kutoka kwenye tuta, mkono mbele kama askari wa barabarani. "Usisogee na huyo mtoto!"

Yaliyokuwa yamejaa kifuani mwa Bi Kipimo yakafurika. "Mama, mtoto wangu amekukosea nini? Hana hata meno, amekung'ata? Kama ni mimi nimekosea nigombeze mimi, lakini huyu ni damu yako!"

Alisema hivyo huku akisonga mbele kwa hasira, machozi yakimtoka. Na kidude mkononi, ambacho hakukumbuka hata kwamba amekiwasha, kikaanza. Tik. Tik tik. Kadiri alivyosonga, kikazidi, hadi kikawa kinalia kama bisi ndani ya sufuria.

Bi Kipimo akasimama. Akakielekeza kwenye mchicha: kikapoa. Akakielekeza kwenye mtaro: kikapoa zaidi. Akakirudisha kwa mama mkwe: bisi tena. Hasira ikamwisha palepale. Akarudi nyuma haraka, akampeleka mtoto kwa jirani, akarejea peke yake.

"Mama. Umekunywa dawa gani?"

Mama mkwe alijikaza, mkono ukapanda wenyewe kwenye mtandio alioufunga shingoni licha ya joto lote lile. Halafu akakaa chini kwenye ukingo wa tuta.

"Ya tezi ya shingo," alisema. "Kidonge kimoja tu, mwanangu. Hospitali walikileta ndani ya kikopo kizito cha chuma, aliyekibeba akakimbia mbio akaniacha nacho. Nikasema leo nakula bomu. Wakaniambia nikae mbali na watoto na wajawazito hadi wanipime tena. Nikasema, mimi? Mimi nimdhuru mjukuu wangu? Afadhali mniite mchawi."

"Na hukuniambia! Mimi, kazi yangu ni mionzi!"

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungenipima kama mchicha."

Bi Kipimo alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Siku zote hizi alimwona yule mama hana moyo, kumbe mama wa watu alikuwa anajinyima kitu alichokipenda kuliko vyote. Aliona aibu, akaisema. "Nisamehe, mama. Nilikuwaza vibaya."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema mama mkwe. "Nami nilijificha mno. Tusameheane."

Lakini kazi ni kazi. Bi Kipimo alijifuta uso akatazama bafu la nje, lile la mabati, na mfereji mdogo uliotoka chini yake.

"Maji ya kuoga yanakwenda wapi, mama?"

"Tuta la kwanza. Kiangazi hiki nani anamwaga maji? Huoni lilivyonawiri? Ndiyo maana siku ile nilikuchumia pale. Mkwe wangu hawezi kupewa mchicha uliodumaa."

"Dawa hii hutoka kwa jasho na mkojo, na bafuni, mama, tusidanganyane, mtu haogi tu."

Mama mkwe alitazama pembeni. "Una maswali ya polisi wewe."

Siku nzima Bi Kipimo alichuma kwa mkono wake, tuta kwa tuta, bustani kwa bustani. Mashine ikajibu: kote safi, isipokuwa tuta la kwanza la mama mkwe. Alirudi kumwambia.

"Nitasema chanzo si kinu," alisema. "Lakini ugonjwa wako ni siri yako. Sitautaja, hata trekta lije."

Mama mkwe alikaza fundo la mtandio wake.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, umejaa hadi madirishani. Bi Kipimo alisimama akaeleza vizuri: nyasi, chujio, mtaro, bustani, vyote safi, tuta moja tu lina iodini, nayo haikutoka kwenye kinu.

"Imetoka wapi?" aliuliza muuza mboga mmoja wa mbele.

Bi Kipimo alikunja karatasi yake.

"Jibu, dada! Imetoka wapi?"

Minong'ono ikapanda ikawa kelele. Wengine walisema kituo kimemnunua. Bwana Muhuri akainuka taratibu, akafungua kopo la wino. "Kwa kuwa chanzo hakijulikani," alianza, "napendekeza bustani zote..."

"Kinajulikana!"

Sauti ilitoka nje, mbali na mlango, chini ya ukuta alikokuwa amekaa mtu peke yake. Mama mkwe alisimama. Akafungua mtandio shingoni, akautupa begani, kovu la upasuaji wa zamani na uvimbe vikaonekana na kila mtu.

"Chanzo ni mimi! Ninaumwa tezi, nimekula dawa ya mionzi hospitali, nimeoga, maji yakaenda kwenye mchicha. Haya, mmeridhika? Wenye mimba na watoto wasogee kando, na wewe mkwe wangu njoo na hicho kidude, unipime mbele ya watu!"

Bi Kipimo alitoka na kidude. Ukumbi ukawa kimya, na bisi zikasikika hadi dirisha la mwisho. Halafu watu wakapasuka kwa shangwe. Akina mama wa bustani walipiga vigelegele kwa mbali, maana kukumbatia ilikuwa marufuku.

Muuza mboga yule hakukubali kirahisi. "Na kama mnamtumia bibi kufunika moshi wa kinu?"

"Usiniamini," Bi Kipimo alimjibu, na sasa sauti yake ilijaa ukumbi. "Iodini hii hupungua nusu kila siku nane. Tuta lifungwe, maji ya bafu yaelekezwe kwingine, na ninyi mchume wenyewe, mpime nami mezani. Kama ni kinu kinavuja, haitapungua. Mtanifukuza mimi na kinu changu."

Ukumbi ukapitisha kwa kelele. Bwana Muhuri alifunga kopo lake la wino bila kugonga kitu, na inasemekana hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

Wakachuma, wakapima. Mstari ukashuka. Wakapima tena, ukashuka zaidi, muuza mboga akishangilia kila mara kama mtu aliyeshinda mpira. Mwishowe skrini ikawa tambarare. Kinu kikapata leseni yake, kwa sharti kwamba kila sampuli ichumwe na mpimaji na mkulima wakiwa pamoja. Na bustani hazikung'olewa hata shina.

Jioni ya siku ambayo hospitali ilimruhusu kushika watoto tena, mama mkwe alikuja nyumbani kwa Bi Kipimo kwa miguu yake, kikapu cha bamia kichwani. Alisimama mlangoni asiingie.

"Nipime kwanza."

"Mama, daktari keshasema."

"Daktari si wewe. Nipime."

Bi Kipimo alileta kidude, akakipitisha shingoni, kifuani, mikononi. Tik. Kimya. Tik. Kama kinavyolia popote pale, ukutani hata kitandani. Akatikisa kichwa: hakuna kitu.

Mama mkwe alitua kikapu. Akanyoosha mikono yote miwili, na safari hii haikuwa kama ya askari. Akampokea mjukuu, akamweka chini ya shingo, palepale penye kovu, akafumba macho akavuta harufu ya kichwa chake. Mtoto alipiga miayo, akalala.

Tik, kikasema kidude.

"Na wewe," alinong'ona mama mkwe bila kufumbua macho, "zima hicho kidude, utaniamshia mtoto."