Ulimi wa Rangi ya Tope

Chumba kilikuwa kimoja, waliokitaka walikuwa wawili, na wote wawili walilala kitanda kimoja. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Cheche, fundi wa kuchomelea, alikigeuza chumba hicho cha uani kuwa karakana tangu watoto wake pacha hawajaota meno. Mke wake, fundi cherehani, alishonea chumbani kwao, kwa hiyo Cheche alikuwa hapandi kitandani bila kwanza kupapasa shuka kama askari anayetafuta bomu. Siku sindano ilipomwahi kabla hajapapasa, aliruka akataja majina ya ukoo mzima. Mke hakumpa hata pole.

"Sasa tumalize, Baba Pacha. Hicho chumba chako kina nini cha maana?"

"Kina ndimi."

Ndimi zenyewe zilikuwa uvumbuzi wake. Aliokota bodi ya lori chakavu, akaikata vipande virefu kama mlango uliopasuliwa katikati, akavitoboa matundu, kisha akavichomelea meno mafupi ya nondo juu na chini. Gari likinasa topeni, unachomeka ulimi chini ya tairi. Meno ya chini yanauma udongo, ya juu yanashika tairi, na gari linapanda taratibu kama mgeni rasmi anayeelekea jukwaani. Za dukani zilikuwepo, za plastiki, zimetoka ng'ambo, na bei yake ni ile ambayo muuzaji anakuvutia kiti kwanza ndipo akutajie. Za Cheche zilitokana na chuma ambacho wenzake walikuwa wanakirukaruka wakipita.

Kasoro ilikuwa moja tu: hakuna aliyekuwa amezinunua.

Ndipo mkuu wa magari wa ofisi ya misitu, mtu ambaye magari yake yalinasa kila mvua ikinyesha, akakubali kuja kuzitazama kwa macho yake. Mke akaona hiyo ndiyo nafasi.

"Akizikubali, chumba ni chako na sitafungua mdomo tena. Akizikataa, cherehani inahamia siku hiyo hiyo."

Wakapeana mikono kama watu wasiojuana.

Siku moja kabla, Cheche alisimama uani na makopo mawili ya rangi, moja la njano, moja la udongo. Akamwita mke wake, maana mambo ya rangi ni yake.

"Udongo," mke alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Mimi nashona sare za shule. Nguo ukitaka isionyeshe uchafu, ishone kwa rangi ya uchafu wenyewe."

Cheche akaona ameoa kichwa. Akazipaka ndimi zote mbili rangi ya udongo, zikapendeza kama kabati jipya.

Asubuhi wakakutana kwenye shimo la zamani la wafyatua matofali, lililojaa tope zito kama uji uliosahaulika jikoni. Mkuu wa magari alikuja na viatu vilivyong'arishwa. Dereva wake, kijana mwembamba waliyemwita Gia, alilizamisha gari katikati ya tope kwa furaha ya mtu aliyepewa ruhusa ya kuharibu. Mke naye alifika, ndara miguuni, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Futi ya nini huku?" Cheche akauliza.

"Nikitoka hapa napitia kupima chumba. Nataka kujua meza ya kukatia vitambaa itakaa upande gani."

Cheche akashuka topeni. Akachota tope kwa beleshi nyuma na mbele ya tairi za nyuma, akasukumiza ulimi mmoja kulia, mwingine kushoto, akarudi kando na kumpungia Gia mkono.

Gari likanguruma. Tairi zikazunguka bure mara ya kwanza, zikauma mara ya pili, tope likaruka juu likawavalisha wote sare moja, halafu gari likachomoka likasimama kwenye nchi kavu. Cheche akapiga yowe. Hata mkuu wa magari alitabasamu huku akijifuta shavu.

"Safi sana, fundi. Kazitoe, turudie."

Cheche akaingia topeni. Ulimi wa kulia ulikuwa umesimama wima kama kibao cha kaburi, akauchomoa. Akageukia wa kushoto.

Hapakuwa na wa kushoto.

Akatazama mbele, tope. Akatazama kando, tope. Akageuza shingo kule gari lilikokwenda, kwa kuwa akili ilimwambia kitu kikishikwa na tairi kitafuata tairi. Tope tupu, limetulia, linang'aa, kama halijawahi kula chuma cha mtu.

"Gia, angalia chini ya gari, usije ukawa umeondoka nao."

Gia akalala chali, akachungulia. "Hakuna kitu, fundi. Labda umevunjika."

"Ukivunjika si tungeona vipande?"

"Labda vipande navyo vimevunjika."

Wakaingia wote. Gia akazama mpaka magoti. Mkuu wa magari akapiga hatua mbili, akarudi na kiatu kimoja. Cheche alichimba kwa mikono, akatoa tofali, akatoa chupa, akatoa kiatu cha mkuu, akamkabidhi kwa heshima zote. Ulimi, wapi! Na kila alipodhani ameuona, lilikuwa bonge la udongo lenye umbo la ulimi na rangi ya ulimi.

Rangi ya ulimi. Hapo ndipo Cheche alipoganda, mikono imening'inia. Nani alisema udongo? Akageuka. Mke wake alikuwa ameingia topeni kuchekea karibu, amesimama nyuma kabisa, mikono kiunoni, na futi yake inaning'inia shingoni. Cheche akawaza: huyu amenipangia. Akawaza tena: hapana, huyu ni mama wa wanangu. Akawaza mara ya tatu: mama wa wanangu anayetaka chumba.

"Fundi," mkuu wa magari akasema, akimwaga tope kutoka kiatuni. "Nisaidie kuelewa. Gari linatoka, kifaa kinabaki. Sasa kila nikinasa ninunue kingine? Huo si msaada, huo ni mtego. Gia, washa gari twende."

Cheche alitaka kujibu. Lakini macho yake yalikuwa bado kwa mke wake na kulikuwa na jambo hayalielewi. Gia amezama. Yeye mwenyewe amezama. Mkuu mzima, na cheo chake, amezama. Mke wake amesimama humo humo na ndara zake, na tope halijafika hata kwenye vidole.

"Mama Pacha, mbona wewe huzami?"

"Nizame kwa uzito gani, chakula chote si mnamaliza wewe na wanao?"

"Hebu sogea."

"Nisogee nichafuke? Hapa nimepata pazuri."

Cheche akatambaa mpaka miguuni pake, akapenyeza mkono chini ya ndara. Tundu. Tundu lingine. Jino. Tairi haikuuvuta ulimi mbele, iliutema nyuma, nao ukajizika kidogo tu chini ya tope huku wote wakichimba upande wa pili.

Mkuu wa magari alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Kumbe hata watu unawabeba! Bwana, nazichukua, za magari yote. Ila zipake rangi ya kuonekana, na kila ulimi uwe na mkia. Mkanda mrefu wa turubai, mwekundu, ulioshonwa imara, ubaki juu ulimi ukizama. Nani atashona?"

Futi ilikuwa tayari imetoka shingoni. "Mkia wa urefu gani, bosi?" mke akauliza.

Njiani kurudi nyumbani Cheche alijaribu kuyapanga mambo.

"Amezikubali. Kwa hiyo chumba ni changu."

"Chako kabisa, nani anabisha? Ila ndimi hazitoki bila mikia."

"Sawa."

"Na turubai halishonwi chumbani tunakolala. Sindano zake unazijua? Zile ndefu."

Cheche akajishika nyuma bila kukusudia. Akatembea kidogo, akasimama. "Mama Pacha, niambie ukweli. Ulijua umesimama juu yake?"

"Nilijua nimesimama pagumu."

"Na ile rangi?"

"Rangi gani tena? Twende, jua linawaka."

Mchana huo Cheche aliibeba cherehani kifuani, akavuka nayo ua, akaiweka dirishani penye mwanga, akasogeza mashine yake ya kuchomelea kando ili meza ienee. Alipomaliza, akajifuta jasho, akakitazama chumba chake, na ndipo akajiuliza ni nani hasa aliyemtuma.